Kuchagua Tanga Dogo la Kayaki ya Kukunjwa: Mapitio ya Zana Nilizozitumia kwenye Klepper Aerius II

Mtu anayetaka kuweka tanga juu ya kayaki ya kukunjwa huanza, karibu kila mara, kwa kuuliza tanga liwe na ukubwa gani. Swali hilo linafaa kuja la tatu. La kwanza ni hili: nguvu ya upepo ikishalishika tanga, itapitia wapi kuingia katika chombo? La pili ni kwamba mtu aliyekaa chini, miguu ikiwa imefichwa na sitaha, atalitua tanga hilo kwa muda gani upepo ukibadilika ghafla? Nimetumia zana za aina kadhaa juu ya Klepper Aerius II, moja ikiwa yangu na nyingine za kuazima kwa wenzangu, hasa katika maziwa ya Chiemsee na Walchensee kusini mwa Ujerumani, na maswali hayo mawili ndiyo yaliyoamua, kuliko bei na kuliko sura, ni ipi ninayoendelea kuibeba.

Kwa msomaji asiyekijua chombo chenyewe, maelezo machache yatosha. Kayaki ya kukunjwa ilibuniwa na Alfred Heurich, mwanafunzi wa usanifu wa majengo, mwaka 1905, na miaka miwili baadaye Johann Klepper, fundi cherehani wa mji wa Rosenheim, alinunua haki ya kuitengeneza. Aerius II, yaani ile ya watu wawili, ina kiunzi cha mbao kinachounganishwa kipande kwa kipande, kisha hutiwa ndani ya ngozi ambayo chini ni mpira mzito na juu ni kitambaa. Pembeni mwa ngozi hiyo, kila ubavu, hupita mfuko mrefu wa hewa ambao ukijazwa huikaza ngozi na wakati huohuo hukiongezea chombo uthabiti. Urefu wake unazidi mita 5 kidogo, upana ni sentimita 87 na uzito unapita kilo 30. Upana huo ni mkubwa kwa kayaki, na ndio unaokifanya chombo hiki kistahimili tanga ambalo lingeipindua kayaki nyembamba ya bahari kabla mwenyewe hajamaliza kufunga kamba.

Sababu yangu ya kuwa nacho ni ya kawaida kwa watu wa mijini. Ninaishi ghorofani mjini Munich, sina gereji, na gari sina. Mifuko ya kayaki hukaa nyuma ya mlango, na siku ya kwenda ziwani huwekwa juu ya kigari cha mkono hadi kwenye treni ya njia ya Salzburg, ambayo husimama Prien, karibu kabisa na Chiemsee. Nalitaja jambo hili kwa kuwa lina uzito katika uchaguzi: zana yoyote ya tanga ambayo mlingoti wake haugawanyiki katika vipande vinavyoingia mfukoni, kwangu imekwisha kujiondoa yenyewe kabla haijaguswa na upepo.

Sasa nirudi kwenye swali la kwanza, ambalo wauzaji wengi hawaligusi. Kayaki ya plastiki au ya faiba ina sitaha ngumu. Unaweza kutoboa tundu, ukaweka skrubu na kitako cha mlingoti, na sitaha ikabeba mzigo. Sitaha ya kayaki ya kukunjwa ni kitambaa. Ukiweka kitako cha mlingoti juu yake, mlingoti utacheza, kitambaa kitanyooka, na baada ya muda mishono itaanza kuachia maji. Kwa hiyo mlingoti unapaswa kushuka mpaka chini, usimame ndani ya kikombe kilichofungwa kwenye ubao wa juu ya mkuku (uti wa chini wa chombo), na ushikwe mara ya pili juu, kwenye kishikio kilichofungwa katika ukingo wa mbao unaozunguka nafasi ya kukalia. Umbali baina ya sehemu hizo mbili ndio unaoupa mlingoti nguvu. Hapo msukumo wa upepo unaingia kwenye kiunzi, ngozi haiguswi, na kiunzi cha mbao kikipata mzigo hupinda kidogo kisha hurudi, jambo ambalo ni sifa yake na si kasoro.

Swali la ukubwa linajibiwa vizuri zaidi kwa hesabu kuliko kwa maneno ya matangazo. Msukumo wa upepo huongezeka kwa mraba wa kasi yake. Upepo ukizidi maradufu, msukumo huwa mara nne. Tanga la mita 1 ya mraba, upepo ukienda mita 5 kwa sekunde, hupata msukumo unaokaribia uzito wa kilo 2. Upepo ukifika mita 10 kwa sekunde, msukumo huo hupita kilo 7. Chukua sasa tanga la mita 4.5 za mraba ambalo kitovu cha msukumo wake kiko mita 1.5 juu ya maji. Katika upepo ule wa kwanza linasukumwa kwa kilo 8 hivi, nawe unakaa kwa raha. Katika upepo wa pili linasukumwa kwa kilo zaidi ya 33, na kwa kuwa zimeshika juu, zinakilaza chombo kwa nguvu ambayo mtu wa kilo 75 akisogeza mwili sentimita 30 kuelekea joshi, yaani upande upepo unakotoka, hawezi kufikia hata nusu yake. Upana wa chombo na mifuko ya hewa husaidia, lakini haufuti hesabu hiyo. Ndiyo maana nasema tanga la kayaki lisipimwe kwa siku nzuri uliyolinunulia, bali kwa upepo utakaokukuta katikati ya ziwa.

Zana yangu mwenyewe ni S4 ya Klepper, iliyotengenezwa kwa ajili ya chombo hiki. Ina tanga kuu na tanga dogo la mbele, jumla yake ikizidi mita 4 za mraba, mlingoti wa vipande, usukani wa nyuma unaoongozwa kwa pedali, na mbao mbili za ubavuni zilizofungwa kwenye mti unaokatiza juu ya nafasi ya kukalia. Mbao hizo ndizo zinazoleta tofauti kubwa kabisa. Kayaki haina mkuku mrefu wa kuzuia maji; upepo wa ubavuni ukiishika, huteleza kwenda demani, yaani upande upepo unakoelekea, kadiri inavyosonga mbele. Ukiteremsha ubao wa upande wa demani, mtelezo unapungua na chombo kinaanza kwenda kinyume cha upepo. Si kama jahazi la mashindano, lakini utapiga bisho, yaani utapanda dhidi ya upepo kwa kupinda huku na huku, na utafika. Nimevuka kutoka Prien hadi upande wa mashariki wa Chiemsee kwa njia hiyo, nikipita kusini mwa kisiwa cha Herreninsel, bila kugusa kasia isipokuwa wakati wa kugeuza, kwa maana chombo kirefu cha namna hii hakipendi kugeuka na mara nyingi hukwama omo, yaani pua yake, ikitazama upepo mpaka ukisaidie kwa pigo moja au mawili.

Mahali pa kufunga mti wa zile mbao panahitaji subira. Ukiusogeza mbele mno, chombo kinataka kugeukia joshi wakati wote na mguu wako unachoka kwenye pedali. Ukiurudisha nyuma mno, kinakimbilia demani, na hilo ni baya zaidi, kwa sababu ukilegea kidogo chombo kinakwenda na upepo huku tanga likizidi kujaa. Ninachopendelea ni chombo kinachovuta kidogo kuelekea joshi. Nikiachia usukani na kamba ya demani, ile ya kuvutia na kulegezea tanga, kinajisimamisha chenyewe. Kila mzigo unaoweka nyuma au mbele unabadilisha mizani hiyo, kwa hiyo alama niliyoichora kwenye ukingo inanisaidia kuanzia tu.

Kasoro ya S4 ni kwamba, ikishasimama, kayaki si kayaki tena. Mti unaokatiza uko karibu na vifundo vya mikono, tanga kuu lina mti wa chini unaopita juu ya kichwa cha mtu aliyekaa mbele, na kupiga kasia kwa mwendo mzuri kunakuwa kazi ya kujibana. Upepo ukifa, jambo ambalo katika maziwa ya Bavaria wakati wa kiangazi ni la kila siku, unabaki na chombo cha tanga kisicho na upepo. Dawa yake, ambayo sikuiona katika maelekezo yoyote bali wenye vyombo hivi huipitisha kwa midomo, ni kuacha tanga kuu nyumbani na kutweka lile la mbele peke yake. Ni dogo, halina mti wa chini, linaacha nafasi ya kasia, na upepo ukitoka nyuma au nyuma-ubavuni linasukuma vya kutosha. Huwezi kupiga bisho nalo. Kwa safari nyingi za mchana mmoja, hata hivyo, hilo ndilo tanga ninalolitumia.

Kwa anayetaka kusafiri kwa upepo wa nyuma tu, ziko zana mbili zinazojulikana sana, na zote hazihitaji ubao wa ubavuni. Ya kwanza ni tanga la Pacific Action kutoka New Zealand, lenye umbo la V, milingoti yake miwili ikianzia pamoja kwenye sitaha ya mbele na kufunguka juu. Lililo dogo lina mita 1.5 za mraba. Uzuri wake ni kwamba likiachiwa hulala juu ya sitaha mbele yako, na likivutwa husimama tena. Jibu la swali langu la pili, basi, ni sekunde chache. Upande mmoja ukivutwa zaidi ya mwingine, linapokea hata upepo wa ubavuni. Linakaa juu ya sitaha, lakini msukumo wake mwingi huelekea mbele na kuvutwa na kamba zilizofungwa pembeni, kwa hiyo ukipitisha kamba hizo chini ya sitaha na kuzifunga kwenye mbavu za kiunzi, kitambaa hakiumii. Kwa wapiga kasia wawili wanaotaka msaada njiani, sijaona lililo jepesi kuzoeleka kama hili.

Ya pili ni tanga la duara la WindPaddle, ambalo hukunjwa likawa dogo kama sahani na kufunguka lenyewe. Halina mlingoti. Hufungwa kwa vishikizo viwili mbele na kamba hushikwa mkononi. Ni rahisi, linaingia popote, na kwa upepo wa nyuma kabisa linafanya kazi. Likienda pembeni kidogo linayumba, na mikono yako yote inakuwa na kazi. Ningelipendekeza kwa kayaki ya mtu mmoja ya kukodi kuliko kwa chombo kizito cha watu wawili.

Matanga madogo ya bahari, kama yale ya Flat Earth kutoka Australia ambayo hukaa karibu na mita 1 ya mraba au pungufu, yameshonwa vizuri kuliko yote niliyoyashika. Yana mlingoti mfupi mbele ya mpiga kasia, kamba tatu za kuushikilia, na kamba moja ya demani. Mpiga kasia anaendelea na kasia lake huku tanga likiongeza mwendo, na kwa sababu kitovu chake kiko chini, upepo mkali unakuonya kabla ya kukupindua. Tatizo ni lile la mwanzo. Kitako chake kimekusudiwa sitaha ngumu. Nimeona kimefungwa juu ya ubao wa plaiwudi uliolazwa chini ya kitambaa na kubanwa kwenye mbavu mbili za kiunzi, na kazi hiyo ikifanywa na fundi anayejua inashika vizuri. Ikifanywa kwa haraka, ubao husaga kitambaa kutoka ndani, na hilo hulioni mpaka maji yaanze kudondokea magotini. Anayenunua tanga la namna hii aongeze kichwani gharama ya kazi ya fundi, na akumbuke kwamba ubao huo lazima uondoke kila kayaki inapokunjwa.

Halafu kuna zana za Balogh kutoka Marekani, ambazo ni ulimwengu mwingine. Tanga lake lina vijiti vinavyolikaza toka mbele hadi nyuma, hupunguzwa kwa kuuzungusha mlingoti mpaka sehemu unayotaka ijikunje, na chombo huwekewa matengo, yaani maboya ya ubavuni ya kujazwa hewa, kwenye mirengu (miti ya kukatiza) ya bomba, mithili ya ngalawa. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa faida yake. Chombo hakilali, tanga kubwa linabebeka, na safari ya siku nyingi baharini inawezekana. Kubeba, ndiyo bei yake: mirengu, matengo, pampu, mlingoti, ubao wa ubavuni, juu ya mifuko ya kayaki yenyewe. Kwa treni na kigari cha mkono nimelifanya jambo hilo na silitamani tena. Kufunga kila kitu kunakula sehemu nzuri ya asubuhi, na kisha kasia linagonga mirengu. Aliye na gari na wiki nzima mbele yake atafurahi nalo kuliko lolote katika orodha hii.

Wanaotetea matanga makubwa hupenda kumtaja Hannes Lindemann, daktari Mjerumani aliyevuka Atlantiki mwaka 1956 ndani ya Aerius II, kutoka Las Palmas hadi kisiwa cha Saint Martin, kwa siku 72. Mfano huo unawapinga. Lindemann, ambaye kabla ya hapo alikuwa amevuka kwa mtumbwi wa gogo kutoka Liberia, hakutegemea ukubwa wa tanga. Alitumia matanga madogo, akasafiri na pepo za biashara zinazovuma toka nyuma, na upande mmoja akafunga nusu ya mpira wa ndani wa tairi la gari kama tengo la kumpa uthabiti. Hata hivyo alipinduka kabla ya kufika. Chombo kilekile kilichovuka bahari nzima kilibebwa na busara ya mtu aliyejua kupunguza.

Mahali pa kutumia tanga pia paingie katika hesabu. Chiemsee ni pana, lenye eneo la kilomita za mraba 80 hivi, na mvua za radi za kiangazi hulifikia haraka zikitokea upande wa milima na magharibi. Ufukweni kuna taa za onyo: zikiwaka mara 40 kwa dakika, upepo mkali unatarajiwa, zikiwaka mara 90, ni tufani, na mwenye kayaki anapaswa kuwa tayari amefika nchi kavu. Mimi hutua tanga kwenye zile 40. Walchensee ni tabia tofauti. Siku za jua, kuanzia karibu na adhuhuri, upepo wa kaskazini hushuka juu ya ziwa na kuvuma kwa mpangilio hadi jioni, ndiyo maana wachezaji wa mbao za tanga hujazana huko. Kwa kujifunza kupiga bisho hapana mahali bora kuliko hapo, isipokuwa maji yake ni baridi hata mwezi wa Julai, na anayepinduka bila nguo za kufaa na jaketi okozi hana muda mrefu wa kufikiri.

Nimeulizwa na ndugu wa Tanga na Mombasa kama zana hizi zingefaa huko. Wakati wa kaskazi, asubuhi, ndani ya miamba, tanga la V au lile dogo la mbele lingetosha kabisa. Wakati wa kusi nisingeweka zaidi ya mita 1 ya mraba, na ningehofia matumbawe kuliko upepo, kwani ngozi ya mpira ikiburuzwa juu ya mwamba mkali na chombo chenye mzigo, kiraka ndicho kitakachofuata.

Kwa hiyo ushauri wangu uko hivi. Kama una Aerius II au chombo kinachofanana nacho, chenye kikombe cha mlingoti kwenye kiunzi, tafuta S4 ya mitumba. Nchini Ujerumani hupatikana kwa euro mia chache, na tanga la mbele peke yake litakulipa safari nyingi. Kama chombo chako hakina kikombe hicho, usianze kukitoboa. Nunua tanga la V, funga kamba zake kwenye mbavu. Tanga dogo la bahari ni la anayepiga kasia kwa bidii na aliye na fundi wa kuaminika, na matengo ni ya anayelala visiwani. Katika zana zote, kamba ya demani isifungwe fundo. Ishikwe mkononi, au ipite katika kibano kinachoachia kwa mvuto mmoja wa juu, na kila asubuhi kabla ya kuondoka uijaribu ukiwa umekaa, si ukiwa umesimama ufukweni.

Anayenunua mitumba akague viungo vya mlingoti kwanza, maana vikipata chumvi hukwama, na kipande kilichokwama hakiingii mfukoni. Ashike tanga lenyewe: matanga ya zamani mengi ni ya pamba, ambayo hupoteza umbo ikilowa na kuota ukungu ikikunjwa na unyevu, na mishono yake ya pembeni huchanika kabla ya kitambaa. Aulize kama mbao za ubavuni zipo zote mbili na mti wake, kwa kuwa hupotea mara nyingi kuliko kitu kingine chochote, na bila hizo bei ya seti nzima inapaswa kushuka hadi kufikia ya tanga la upepo wa nyuma.